Saa kumi na nne mjini Addis Ababa kabla ya ndege ya pili

Sisi wakaaji wa Bukavu tunapokwenda Guangzhou kununua bidhaa, safari yetu huanza kwa kuvuka daraja la Ruzizi tukikokota valizi, kisha basi hutupeleka Kigali kwa kukatiza msitu wa Nyungwe, na ndipo tunapoiona ndege. Kwa hiyo mtu anapotua Addis Ababa alfajiri, akaambiwa kwamba ndege yake ya pili itaondoka usiku, huwa amekwisha kuchoka, na kitu cha kwanza anachokitafuta ni kiti. Nami nilifanya hivyo katika safari yangu ya kwanza. Nilikaa saa kumi na tatu ndani ya uwanja wa Bole, mkoba wa fedha chini ya kwapa, nikiogopa hata kwenda msalani, na kumbukumbu pekee niliyotoka nayo Ethiopia ilikuwa maumivu ya shingo. Yaya wangu mmoja, yaani ndugu mkubwa, anayeuza vitenge huko Kadutu, sokoni kwetu Bukavu, alinicheka sana niliporudi, akaniambia kwamba nimelala mlangoni kwa watu bila kubisha hodi.

Tangu hapo nimetoka nje ya uwanja mara nne, na mara moja kati ya hizo nusura nikose ndege. Nitaeleza ninavyofanya sasa.

Uamuzi wa kutoka au kubaki ni wa hesabu, si wa hamu. Uwanja wa Bole umo ndani ya jiji lenyewe, kwa hiyo umbali si tatizo kubwa. Kinachokula muda ni foleni za uhamiaji, ukaguzi wa mizigo na msongamano wa magari jioni. Mimi huanza na saa ya kuondoka kwa ndege ya pili, nikatoa saa tatu za kurudi na kukaguliwa, kisha nikatoa saa mbili baada ya kutua kwa ajili ya uhamiaji na usafiri. Kinachobaki kisipofika saa nne, ninabaki ndani, ninaosha uso, ninatafuta kona yenye utulivu na kulala. Aliye na saa sita tu mkononi asijidanganye.

Mwenye paspoti ya Kongo anahitaji viza ili aingie Ethiopia, na hapo ndipo wengi wetu hukata tamaa mapema. Hata hivyo, kampuni ya ndege ya nchi hiyo ina utaratibu wa kumpa chumba cha hoteli, chakula, usafiri na ruhusa ya kuingia msafiri ambaye analazimika kusubiri zaidi ya saa nane kwa sababu hakuna ndege ya karibu zaidi ya kumfikisha anakokwenda. Zingatia neno hilo la kulazimika: ukichagua mwenyewe kusubiri kwa muda mrefu wakati ndege ya mapema ipo, chumba hicho hukipati. Jambo hili liulizwe siku ya kununua tiketi, si siku ya kutua. Ukifika, uwe na paspoti, karatasi ya kupandia ndege ya pili, kadi ya manjano ya chanjo, na viza ya nchi unakoelekea, vyote katika mfuko mmoja. Kabla ya hapo, mkiwa bado Kigali, soma kibandiko kilichofungwa kwenye valizi yako na uhakikishe kwamba kimeandikwa mji wa mwisho wa safari. Mkononi ubaki na mswaki, chaja na sweta. Sweta si mapambo. Addis Ababa iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,300, nasi wa Bukavu, ambao tunajiona watu wa milimani kwa mita zetu 1,500, tunahema tukipanda ngazi zake. Tena mwezi wa saba, wakati vumbi la kiangazi limetanda kwetu, kule mvua inanyesha kila siku.

Sasa nije kwenye saa, maana ndiyo iliyotaka kuniponza.

Waethiopia huhesabu saa kama sisi. Siku yao huanza jua linapochomoza, na saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi, wala si saba. Hata neno lenyewe ni ndugu wa letu, kwani wao husema «se'at», na namba zao sidist, sebat na zetegn hazijakaa mbali na sita, saba na tisa tulizozipata kwa Waarabu. Mswahili, basi, ndiye mgeni ambaye hakupaswa kamwe kupotea katika saa za Addis Ababa. Lakini mimi nilipotea, kwa sababu nilijifanya mtu wa kimataifa. Nilipatana kwa Kiingereza na dereva wa teksi, papa mmoja mpole mwenye mvi, kwamba anishushe mjini na aje kunichukua saa 3, nikimaanisha saa tisa mchana kama Wazungu wanavyoandika. Papa yule alitikisa kichwa akakubali. Yeye alikuwa amesikia saa tatu, na kwa kuwa saa tatu ya asubuhi ilikuwa imekwisha kupita, alielewa kwamba ni saa tatu ya usiku. Nilisimama kando ya barabara kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, mvua ikininyeshea, huku saa ya ndege yangu ikikaribia, nikimlaumu moyoni mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Hatimaye nilirudi kwa teksi nyingine, na nilipofika langoni watu walikuwa wamekwisha kuanza kupanda.

Isitoshe, Addis Ababa inatutangulia kwa saa moja. Simu ikiwa haijapata mtandao hubaki na saa ya Bukavu, nayo hukudanganya kwa utulivu kabisa. Mimi huirekebisha kwa mkono kabla sijasimama kwenye kiti cha ndege.

Baada ya kupewa chumba, lala kwanza saa mbili au tatu. Vijana hupuuza ushauri huu, kisha husinzia makumbusho. Ukiamka, chagua mahali pamoja tu pa kwenda. Mfanyabiashara atatamani Mercato, nami namwelewa, lakini soko lile ni mtaa mzima, na aliyezoea Kadutu atadhani anajua masoko mpaka aingie humo na kusahau alikotokea. Liache kwa siku ambayo huna ndege.

Mimi ningekupeleka Makumbusho ya Taifa, karibu na Sidist Kilo. Humo wameweka mifupa ya yule ambaye dunia humwita Lucy na wenyeji humwita Dinkinesh, aliyepatikana mwaka 1974 huko Hadar, katika jimbo la Afar, na ambaye aliishi miaka milioni 3.2 iliyopita. Ile inayoonekana kwenye kioo ni nakala, kwani yenyewe imehifadhiwa. Hilo lisikupunguzie hamu. Alikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na alitembea kwa miguu miwili. Kama muda unaruhusu, Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu haliko mbali, na ndani yake kuna kaburi la Haile Selassie, aliyezikwa humo mwaka 2000, miaka 25 baada ya kufa kwake.

Kisha kula. Injera ni mkate mpana, laini, wenye uchachu kidogo, na mtu wa bugali hatapata shida nao, kwa kuwa mkono wa kulia hufanya kazi ileile ya kumega na kuchovya. Siku ya Jumatano na ya Ijumaa Wakristo wa Kiorthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai, kwa hiyo utaletewa sahani ya kunde, dengu na mboga za rangi nyingi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sahani bora kuliko zote. Dola zako badilisha kidogo tu, kwani birr zitakazobaki hazitakufaa Guangzhou.

Lakini ukikosa vyote, usikose kahawa. Wao huiita «buna», nasi katika Kiswahili mbegu zake tunaziita buni, ingawa sijui ni wangapi kati yetu huwaza hivyo tunapoyapita mashamba ya Kalehe na Idjwi, tunakolima kahawa nzuri kisha tukanywa chai. Mama hutandaza majani mabichi sakafuni, akafukiza ubani, akakaanga buni mbele yako hadi harufu ijae chumbani, akazitwanga na kuzichemsha katika birika la udongo lenye shingo ndefu. Kahawa hunywewa kwa raundi tatu: abol, tona na bereka, kila moja nyepesi kuliko iliyotangulia, huku mkila bisi. Shughuli hii huchukua saa nzima, na kuondoka baada ya kikombe cha kwanza si adabu, kwa hiyo iingize katika ile hesabu yako.

Katika safari yangu ya mwisho hoteli iliniitia tena papa yuleyule. Alinitambua kabla sijamtambua. Safari hii sikutamka Kiingereza. Nilimwinulia vidole tisa. Akacheka, akasema «zetegn», nami nikamjibu «tisa», na ilipofika saa tisa kasoro dakika tano gari lake lilikuwa mlangoni.