Usiiuze kabla hujaifungua

Pole sana ndugu yangu unayetaka kuuza laptop yako kwa sababu ya joto. Laptop ya kuedit video inayonguruma kama bajaji ya mkaa na kujizima saa nane mchana, halafu fundi anakwambia uongeze ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), hiyo naijua. Ramu haipozi kitu.

Kwa joto la Dar na feni ya dari inayozungusha hewa moto, anza na vumbi. Yangu ilipofunguliwa, kati ya feni ya ndani na vile vibati vyembamba vya kupozea kulikuwa na blanketi la vumbi, unalibandua kwa kucha. Ukipuliza na blowa, shikilia mapanga ya feni yasizunguke, feni inaweza kuharibika. Kisha fundi abadilishe pesti ya prosesa, ule uji unaopitisha joto kutoka kwenye chipu kuu ya kompyuta. Ikikauka, joto halitoki vizuri. Prosesa nyingi hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100, ndiyo maana video inakwama.

Wakati unasubiri, ingia mipangilio ya umeme ya Windows, weka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99 badala ya 100. Kasi inashuka, ila kelele inapungua sana. Na iondoe kitandani, tafadhali!

Kuhusu kuongeza nguvu: ramu na SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) angalia kwanza kama zina nafasi, nyingine zimechomelewa kwenye bodi. Kadi za picha za laptop karibu zote zimechomelewa, anayekuahidi Kariakoo kukubadilishia muogope.

Ila kama pedi ya kipanya iliyo kwenye laptop (touchpad) imeanza kuinuka, betri imevimba. Zima, usichaji, usiitoboe, mpelekee fundi leo hii.