Usiitaje kilo yako kwa kichwa siku ya skani

Nyumba yetu kule Newala ilitazamana na ghala la chama cha msingi, kwa hiyo nimekua nikitazama korosho zikipimwa. Mkulima wa kwetu hakubali kilo zake ziandikwe kabla mshale haujasimama kwenye sifuri, na kabla uzito wa gunia tupu haujatolewa. Aliyewahi kupunjwa kwenye kangomba, ule ununuzi wa korosho usio rasmi, anajua kwa nini. Leo kazi yangu ni skani za PET, picha za kuonyesha saratani mwilini, na macho yale ya ghalani ndiyo ninayoyatumia.

Mgonjwa anadungwa sukari yenye mionzi, uvimbe wa saratani unaifyonza, na pamoja na picha tunapata namba tunayoiita SUV. Ni kiasi cha dawa kilichomo kwenye uvimbe kikilinganishwa na dozi aliyodungwa na uzito wa mwili wake. Daktari akiona imeshuka kutoka 8 hadi 4 baada ya kemo, anajua dawa inafanya kazi. Isiposhuka, huenda akabadili matibabu. Kwa hiyo namba hii ikikosewa, anayeumia ni mgonjwa.

Siku moja nilimpokea mama aliyesafiri kutoka kusini. Nikamwamkia, nikamuuliza ana kilo ngapi. "Sitini na nane, mwanangu, imo kwenye kadi." Nikaandika. Nilipokuwa namsaidia kupanda kitandani nikaona gauni lake limekazwa kiunoni kwa pini mbili. Kadi ilikuwa ya miezi minne nyuma. Nikamwomba radhi, tukarudi kwenye mizani: kilo 59. Ningeiacha ile 68, SUV ingepanda kwa asilimia 15 na uvimbe haujabadilika hata chembe. Wa 4 ungesomeka 4.6. Tangu siku hiyo uzito siulizi, napima.

Vijana mnaoanza kazi hii, baada ya mizani tazameni saa. Florini-18, ile yenye mionzi ndani ya sukari tunayodunga, hupungua nusu kila dakika 110, kama korosho inavyonyauka ghalani, ila hii haingoji wiki. Saa ya chumba cha dozi ikipishana dakika 10 na ya mashine, hesabu inaharibika kwa asilimia 6 hivi. Niliwahi kukuta zimepishana dakika 7, na hakuna aliyejua tangu lini. Sasa kila asubuhi nazilinganisha kabla ya kugusa dawa.

Bomba la sindano nalo lina gunia lake. Lipimeni tena baada ya kudunga, mtoe kilichobaki. Dawa ikivuja pembeni ya mshipa, andikeni kwenye ripoti, msinyamaze. Mgonjwa apumzike dakika 60 kabla ya kupigwa picha, na kwenye skani ya marudio muda huo wa kusubiri usipishane na ule wa kwanza kwa zaidi ya dakika 10. Kuijaribu mashine, nami hujaza maji kwenye chombo cha plastiki, naweka dozi ninayoijua, nakipiga picha. SUV yake inapaswa kuwa 1. Ikisoma 1.2, siendelei na wagonjwa hadi nijue kosa liko wapi.

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mnaosindikiza wagonjwa Dar, fikeni siku moja kabla. Siku hiyo mgonjwa asitwange, asibebe mzigo, maana msuli uliochoka nao hufyonza sukari. Asile kwa saa 6 kabla ya kudungwa. Maji matupu anywe. Najua huruma inavyosukuma mtu kumnunulia chai ya maziwa na chapati asubuhi, lakini chai hiyo inaweza kuharibu safari nzima. Kama ana kisukari, semeni mapema, kwani sukari ya damu ikizidi 11 mmol/L kwa kawaida tunaahirisha. Skani ya pili rudini kwenye mashine ileile mkiweza, na mbebe ripoti ya kwanza.

Na mtu wa mapokezi akiuliza kilo, mgonjwa ajibu: "Naomba nipande mizani."