Kodi kuzidi rejesho la mkopo hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama kodi ya pango ikizidi rejesho la mkopo la kila mwezi, hiyo inatosha kuthibitisha kwamba nyumba ya kupangisha uliyonunua kwa mkopo italipa. Haitoshi. Ikikaa tupu mwezi 1 tu, takriban asilimia 8 ya mapato ya mwaka imepotea, kabla hujalipia bima, matengenezo, kodi ya majengo na ada ya wakala. Sheria nayo hubana zaidi: mahali pengi huwezi kumtoa mpangaji asiyelipa bila notisi na amri ya mahakama, na kubadilisha kufuli au kumkatia maji kunaweza kukufanya wewe ndiwe mshtakiwa, huku benki ikiendelea kudai rejesho lake. Soma pia masharti ya amana ya mpangaji na ya kupandisha kodi ya pango, ambayo baadhi ya madalali, kwa sababu zao, hawapendi kuyataja.