Mama anaanguka usiku akienda msalani

Pole dada, na mama umpe pole. Umesema ana miaka 74, anatumia dawa za presha, na mwezi huu ameanguka mara mbili akiamka usiku kwenda msalani. Mimi ningeanzia kwenye hizo dawa kabla ya kuhangaika na fimbo ya kutembelea. Mpeleke kliniki, omba apimwe presha akiwa amelala, kisha tena akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda kizunguzungu kinatoka hapo. Dozi ataibadili daktari. Msimwachishe dawa wenyewe.

Kwa sasa, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo kidogo, ndipo asimame. Tochi iwe kando ya mto. Zile kandambili zilizolika soli tupa leo, hata akinuna (wangu alininunia wiki nzima). Macho nayo yaangaliwe, mtoto wa jicho huingia polepole. Asubuhi ajizoeze kuinuka kitini na kukaa, mara 10 hivi, wewe ukiwa karibu. Na akianguka tena akagonga kichwa, hospitali hapohapo, msisubiri kuche.