Magamba ya ngozi na kidole kilichovimba: je, ni ugonjwa mmoja?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani wa miaka 38, niko Morogoro. Kwa miaka sita nina mabaka yenye magamba viwikoni na kisogoni. Nimepaka dawa za fangasi za kila aina, yanapungua kisha yanarudi. Miezi mitatu sasa kidole changu cha kati kimevimba chote, hata kwenye tundu la mkasi hakiingii. Nikiamka vidole vimekaza mpaka kama saa tatu asubuhi, na kisigino kinauma. Kipimo cha damu cha baridi yabisi hakikuonyesha kitu. Asidi ya yuriki ilikuwa juu kidogo, nikaambiwa ni gauti, niache nyama. Nimeacha, sioni nafuu. Je, ngozi na viungo vinahusiana?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Vinahusiana, na ningependa uchunguzwe mwezi huuhuu. Unayoeleza yanafanana sana na soriasisi iliyoingia kwenye viungo.

Soriasisi si fangasi wala haiambukizi. Kinga ya mwili huichokoza ngozi, ngozi ikajitengeneza haraka kupita kiasi, na seli zikarundikana kuwa magamba. Kinga hiyohiyo ikivamia viungo na pale kano zinaposhika mfupa, kisigino huuma, na kidole huvimba chote kama soseji badala ya kuvimba kwenye kifundo kimoja. Kati ya watu 10 wenye soriasisi, hadi 3 hupata ugonjwa huu wa viungo, mara nyingi miaka kadhaa baada ya ngozi kuanza.

Maelezo mengi husema mabaka ya soriasisi ni mekundu. Kwenye ngozi nyeusi huonekana ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokoza, ndiyo maana wagonjwa wengi huzungushwa na dawa za fangasi. Kwa hiyo mimi huanza na kucha. Kaa mlangoni penye mwanga, uziangalie moja moja. Ukiona vishimo vidogo vidogo kama vya kastabini unayovaa ukishona, au ukucha umeachana na nyama yake, hiyo ni dalili nzito. Tazama pia nyuma ya masikio, kitovuni na mpasuo wa makalio. Watu huona haya kupataja, lakini magamba hujificha huko.

Kuhusu vipimo: kile cha baridi yabisi kwa kawaida hakionyeshi kitu katika ugonjwa huu, kwa hiyo majibu yako hayauondoi. Asidi ya yuriki nayo inaweza kupanda kwa sababu ya soriasisi yenyewe. Tena gauti huja kwa kishindo, kiungo kikawaka usiku mmoja na kutulia baada ya siku kadhaa. Haikazi vidole kila asubuhi kwa miezi mitatu.

Nakusihi sana, usinunue vidonge vya prednisoloni dukani wala usikubali kuchomwa sindano za steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe, prednisoloni ikiwa mojawapo) kila maumivu yakizidi. Utapata nafuu ya siku chache, kisha ukiziacha ghafla soriasisi inaweza kulipuka mwili mzima. Nimewapokea watu katika hali hiyo, na ni ya hatari.

Omba rufaa kwa daktari wa ngozi au wa viungo. Ukiweza kufika Moshi, hospitali ya KCMC wana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kipo tangu 1992. Piga picha kidole asubuhi kikiwa kimevimba, uende nazo. Utapimwa pia ini, figo na VVU, kwa kuwa VVU huweza kuichochea soriasisi. Ukiandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo ya mwili, humezwa mara moja tu kwa wiki, kamwe si kila siku, na pombe uiache. Mwambie daktari kama mnapanga kupata mtoto.

Ugonjwa huu huweza kuingia hata jichoni: jicho likiwa jekundu, likauma na kuchukia mwanga, nenda hospitali siku hiyohiyo.