Kompyuta ya Onyesho la Taa: Pesa Iende Wapi

Msimu umeanza na orodha zenu za vifaa vya kompyuta za maonyesho ya taa, yale ya sikukuu ambamo taa hucheza kwa muziki, zimeanza kumiminika kwenye simu yangu. Nimezisoma zote. Wadogo zangu, mnajua ninavyowapenda, lakini safari hii nasema bila kupaka mafuta: orodha hizi zina ugonjwa uleule wa msimu uliopita na ule wa kabla yake. Kadi ya grafiki imemeza nusu ya bajeti, kasha lina kioo na feni za kuwakawaka, halafu chini kabisa mtu ameandika "UPS, tukibakisha kitu", yaani ile betri inayoshikilia mashine stima ikikatika. Hamtabakisha. Sijawahi kumwona aliyebakisha.

1. Amua kwanza unajenga mashine ya kazi gani. Kuna ya kutengenezea sikwensi, yaani mpango wa taa ipi iwake rangi gani na lini, na kuna ya kuchezea onyesho, na ninyi mnaendelea kuzichanganya. Chukua ua wa nyumba wenye pikseli 3,000, yaani vijitaa vinavyobadilisha rangi kimoja kimoja. Kila pikseli ina chaneli 3 (nyekundu, kijani na buluu), kwa hiyo ni chaneli 9,000, yaani yunivasi (mafungu ya data ya taa) 18 ukipanga pikseli 170 kwa kila moja. Kwa fremu 40 kwa sekunde, hizo ni baiti 360,000 kila sekunde, chini ya megabiti 3. Swichi ya megabiti 100, ile ya bei ya chini kabisa pale Luthuli Avenue, Nairobi, inazipitisha bila shida. Wimbo wa dakika 3 ni fremu 7,200, faili la karibu megabaiti 65 kabla halijabanwa. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, yenye FPP, programu ya kuchezea maonyesho, inacheza faili hilo usiku kucha. Kazi nzito ilishafanyika mezani, xLights, programu ya kutengenezea sikwensi, ilipokuwa inakokotoa rangi ya kila pikseli katika kila fremu. Huko mezani ndiko kompyuta yako inahitaji nguvu, na nguvu yenyewe ni ya prosesa.

2. Kwa hiyo weka pesa kwenye kori (viini vya prosesa) na RAM. xLights ikirenda, yaani ikikokotoa rangi hizo, hugawanya kazi kwenye kori nyingi kwa pamoja. Kori 6 zinatosha kabisa kwa nyumba na hata kwa kanisa. RAM iwe GB 16, na ununue vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, ili prosesa ivisome vyote viwili kwa wakati mmoja. Kadi ya grafiki itakufaa kama unatumia sana efekti za sheda (zinazochorwa na kadi ya grafiki) au mradi wako una maelfu mengi ya pikseli kwenye prevyu ya pande tatu, yaani mfano wa onyesho kwenye skrini. Kwa wengine wote, grafiki iliyo ndani ya prosesa yenyewe inatosha. Ndiyo sababu nawasihi msome namba mpaka herufi ya mwisho. Intel i5-12400 ina grafiki ndani, i5-12400F haina. Ryzen 5 5600G inayo, 5600 haina. Kijana mmoja, fundi mzuri sana wa waya, alinunua ile yenye F kwa sababu ilikuwa nafuu kidogo, akakaa wikendi nzima mbele ya skrini nyeusi akiamini ameunguza mothabodi. Alifungua kila skrubu. Alibadilisha RAM. Alikuwa karibu kuirudisha dukani aliponitumia picha ya boksi, na jibu lilikuwa limeandikwa pale juu.

Na SSD, diski ya kuhifadhia: angalia kama nafasi ya M.2 kwenye bodi yako inapokea NVMe au SATA, aina mbili za muunganisho. Umbo linafanana, kazi hailingani.

3. Ex-UK si aibu. Mashine za ofisi zilizotumika ng'ambo ndizo zilizotufundisha wengi wetu kazi hii, na i5-8500 yenye kori 6 bado inarenda vizuri. Lakini Windows 10 iliacha kuungwa mkono tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Muuzaji akikusifia i7-6700, ya kizazi cha sita, msikilize kwa adabu kisha uulize kizazi cha nane kiko rafu gani. Jambo lingine ni kasha dogo. Nyingi za mashine hizi, Dell OptiPlex zikiwemo, zina pawa saplai ya umbo lake na plagi zake. Ikifa Desemba 22, huwezi kuchomeka ya kawaida ukaendelea. Ukiweza, chukua ya kasha kubwa, na hata hiyo ifungue uangalie plagi kabla hujalipa.

4. Stima. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa niliumia.

Kulikuwa na mtaa mmoja wenye geti, upande wa Thika Road, ambao wakaazi walikuwa wamechanga pesa za onyesho la mkesha wa Krismasi. Ilikuwa michango ya watu ambao Januari wana karo. Kamati ilinikabidhi bajeti yote nijenge mashine, niiache icheze yenyewe hadi Mwaka Mpya, maana nilikuwa nasafiri ushago. Nikanunua kadi kubwa ya grafiki kwa sababu nilitaka prevyu iende laini nikiwaonyesha wanakamati, na kweli iliwapendeza. Bei yake ndiyo iliyokula UPS, na ndiyo iliyokula Raspberry Pi, kwa hiyo nikaamua kompyuta ileile ya kurendia ndiyo itakayocheza. Nikaiweka kwenye kibanda cha askari, nikafanya jaribio moja, nikaondoka.

Jioni ya tarehe 24 stima ilipotea kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kontrola, yaani vifaa vinavyoziendesha pikseli, zilirudi zenyewe, swichi ikarudi. Kompyuta haikurudi, kwa sababu kule kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, sehemu inayoamua mashine ifanye nini stima ikirudi nilikuwa nimeiacha ilivyokuja: ibaki imezimwa. Askari alinipigia nikiwa nimeshapita Naivasha, ndani ya matatu iliyojaa, mtandao unakatika kila kona. Nikamwelekeza kitufe kilipo. Mashine ikawaka, ikaomba nenosiri. Nikamtajia herufi moja moja, abiria wote wakisikia. Windows ikaanza kusakinisha masasisho yaliyokuwa yakingoja mashine iwashwe upya. Ilipomaliza, hakuna kilichofunguka, kwa kuwa programu ya kuchezea nilikuwa nimeifungua kwa mkono, sikuiweka ianze pamoja na Windows. Mzee wa watu hakuwa amewahi kugusa programu hiyo. Alinisomea kila neno aliloliona kwenye skrini, kwa subira kubwa, nami nikajaribu kukisia yuko ukurasa gani. Nyuma yake nilikuwa nawasikia watoto wakiuliza kama taa zitawaka. Baadaye nikawasikia wakiitwa nyumbani. Betri ya simu yangu iliisha kabla hatujafika popote.

Asubuhi ya Krismasi mwenyekiti wa kamati alinipigia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwenye risiti yangu ni wapi nilipoandika umeme wa akiba. Sikuwa nimeandika popote. Nilijua mtaa ule stima huchezacheza jioni watu wote wakiwa jikoni, nilijua kabla sijanunua chochote, na bado nikachagua kadi. Nilirudisha malipo yangu ya kazi. Watoto hawakurudishiwa mkesha wao.

Basi fanyeni hivi. BIOS iwekwe mashine iwake stima ikirudi. Windows iingie bila kuomba nenosiri, programu ianze yenyewe, masasisho yasitishwe na hali ya usingizi ya mashine izimwe kwa kipindi chote cha onyesho. Bora zaidi, kompyuta ya kurendia ibaki nyumbani na Raspberry Pi iende kazini. UPS ibebe mashine ya kuchezea pamoja na swichi na rauta. Ikibeba mashine peke yake, muziki utaendelea huku data haifiki kokote. Taa zenyewe usizitie kwenye UPS ya ofisini. Pikseli 3,000 za volti 5, kila moja ikila miliampea 60 kwenye nyeupe kamili, zinafika wati 900, na UPS hiyo itazima papo hapo. Taa zikipotea kwa sekunde chache na kurudi katikati ya wimbo, watu hupiga makofi. Onyesho lisiporudi, wanakwenda kulala.

5. Mtandao. Nunua bodi yenye matundu mawili ya mtandao, au ongeza kadi ya pili, ni ya bei ndogo. Tundu moja ni la intaneti ya nyumba, la pili ni la taa peke yake, lenye safu yake ya anwani, na upande wa taa usiandike gateway (anwani ya njia ya kutokea). Tumieni unicast, yaani data iende moja kwa moja kwa kontrola husika. Multicast, yaani data inayotumwa kwa wengi kwa pamoja, kwenye swichi za bei rahisi humwagwa kwenye kila tundu, kisha mnanipigia mkisema kontrola ni mbovu. Na waya, tafadhali. Najua mnapenda Wi-Fi, lakini usiku wa onyesho majirani wote wako nyumbani na rauta zao zote ziko hewani.

6. Sauti ikivuma, weka kitenganishi, kifaa kidogo cha kuondoa mvumo, kwenye waya wa sauti kabla hujalaumu mothabodi. Wenzetu wa Marekani hurusha muziki kwa visambazaji vidogo vya FM watu wasikilize ndani ya magari. Hapa Kenya masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hiyo tumieni spika, na mwongee na majirani mapema.

7. Saa. Raspberry Pi zilizotangulia ya 5 hazina saa inayohimili kukatika kwa umeme, na ya 5 inayo lakini betri yake hununuliwa kando. Stima ikirudi na intaneti ikachelewa, mashine haijui ni saa ngapi, na ratiba yako ya saa moja jioni inaweza kuanza wakati wowote au isianze kabisa. Moduli ya DS3231, saa yenye betri yake, ni kitu kidogo kuliko kidole gumba. Iandike kwenye orodha juu ya feni.

8. Jaribio. Kama mteja wako yuko Parklands na anataka Diwali, lifanye mwanzoni mwa Oktoba. Kama ni Jamhuri au Krismasi, Novemba haijachelewa, na maduka bado yana bidhaa. Anzisha onyesho, nenda kwenye swichi kuu, izime katikati ya wimbo. Hesabu pole pole hadi kumi, iwashe, kisha kaa mbali na kibodi. Mwache askari au mama mwenye nyumba asimame karibu na mashine bila kugusa kitu. Onyesho likirudi lenyewe, chomoa intaneti na ufanye tena, safari hii ukiangalia kama limeanza kwa saa iliyopangwa.