Jibu: Wasio na akiba wanaingiaje kwenye ushirika wa nyumba?

Mkuu, umeuliza asiye na akiba anaingiaje. Nchini Uruguay mtaji wake ni jasho. Chini ya sheria ya nyumba ya 1968, serikali hukopesha ushirika, kisha kila kaya hutoa takriban saa 21 za kazi kwa wiki mpaka nyumba zote ziishe. Nyumba hugawiwa mwishoni, mara nyingi kwa bahati nasibu, kwa hiyo hakuna anayejenga ovyo ukuta wa mwenzake (huenda ukawa wake). Katika ushirika wa watumiaji (mwanachama ana haki ya kuishi, si ya kumiliki), hati ya nyumba hubaki ya ushirika. Anayeondoka hurudishiwa hisa zake, si bei ya soko. Pa kuchunga ni daftari la saa. Lisiposainiwa kila zamu, wachapakazi huwabeba wategaji na ugomvi huanza kabla ya paa.